Viraka kando, chanzo kando

Anayeteka maji chini ya mto Mutambala hajui huko milimani kumetokea nini mpaka aone tope kwenye ndoo. Programu nazo hutufikia hivyohivyo. DHIS2, ambayo zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, hapa mashariki mwa Kongo, hupitishia takwimu zao za mwezi, huandikwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kule hutoka toleo kubwa jipya kila mwaka, na yanayohudumiwa ni matatu ya mwisho tu. Anayesema "yetu inafanya kazi, tuiache" ajue kwamba kauli hiyo nayo huisha muda, kama dawa.

Kuweka programu ya namna hiyo kwenye seva si kazi kubwa siku hizi. Wanaotumia Kubernetes, mwendeshaji wa makontena ya programu, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, wana Helm, yaani usukani wenyewe. Na kila fungu la maelekezo huitwa chati, kama ramani ya mabaharia. (Waliotoa majina haya wangefurahi kuona bandari yetu ya Baraka, Ziwa Tanganyika.) Chati husema ni imeji gani, yaani programu iliyofungashwa tayari, ivutwe, hifadhidata ipewe nafasi kiasi gani, neno la siri lisomwe wapi. Shida huja miezi baadaye. Ulichukua chati ya mtu, ukageuza mistari kumi na miwili ndani yake ili ikufae, na sasa mwenyewe ametoa mpya. Ukiichukua, mistari yako imefutika. Ukiiacha, unabaki na matundu ya usalama ambayo yeye ameshayaziba.

Namna ya kutoka hapa iliyonipendeza zaidi ni ya Rancher, kampuni iliyonunuliwa na SUSE mwaka 2020. Katika ghala lao, folda ya kifurushi haibebi chati ya watu nzima. Ina faili ndogo, package.yaml, inayotaja anwani ya chanzo, na kando yake folda ya viraka: tofauti tupu kati ya chati ilivyotoka kwa mwenyewe na wanavyoitaka wao. Amri ya kwanza huvuta chati na kuibandikia viraka. Unarekebisha unachotaka. Amri ya pili huviandika viraka upya kufuatana na ulichogusa, ya tatu hufunga kifurushi. Chanzo kikitoa toleo, unabadilisha anwani na kujaribu viraka vilevile juu yake. Kimoja kikikataa kushika, shukuru: umeonyeshwa mstari hasa ambapo mwenye chati amepita njia nyingine.

Hata namba zao zinasema. Kifurushi chao cha ufuatiliaji kiliwahi kuandikwa 102.0.0+up40.1.2, kushoto ni namba yao, baada ya +up ni ya chanzo. Ukiamshwa usiku huna haja ya kumuuliza mtu.

Wazo la kutokigusa chanzo si geni Afrika Mashariki. KenyaEMR, mfumo wa mafaili ya wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo yenyewe ina mizizi Eldoret, kwa kuongeza moduli zake bila kukata kiini. Kiini kikisogea, Kenya inasogea nacho na moduli zake mkononi.

Kiraka kinachokataa hupiga kelele. Kinachotisha ni kile kinachonyamaza. Mipangilio yako unaiandika kwenye values.yaml, mwenye chati akibadilisha jina la ufunguo mmoja, na kama hakuweka kanuni za kukagua, Helm haitakuambia kitu. Mstari wako upo, umeandikwa vizuri, ila hakuna anayeusoma. Kwa hiyo kabla ya kupandisha toleo mimi huitaka Helm ichapishe maelekezo kamili ya chati ya zamani, kisha ya mpya, na kuyalinganisha mstari kwa mstari. Inachosha, lakini haili mega hata moja ukishakuwa na chati zote mbili kwenye diski.

Mega ndizo zinazotuuma Baraka. Imeji iliyoandikwa "latest", bila namba, Kubernetes huiulizia ghalani kila kontena inapoanza. Betri za sola zikazimika usiku, asubuhi umeme ukarudi na mtandao haujarudi, kontena haianzi, ingawa imeji imelala humohumo ndani ya seva. Andika namba, bora zaidi andika alama ya sha256, na uweke ghala dogo lako karibu.

Ghala lako lina faida nyingine: halifungwi wala kuhamishwa na mtu mwingine. Tarehe 13 Novemba 2020 ghala la zamani la chati za Helm, lile lililoitwa "stable", liliacha kuhudumiwa, kila mtunzaji akahamia kwake. Wengi wakaegemea Bitnami, watoaji wa chati na imeji zake. Kisha kuanzia tarehe 28 Agosti 2025 Bitnami, sasa chini ya Broadcom, ikaanza kuzihamishia imeji zake nyingi za bure kwenye ghala la urithi lisilopata marekebisho. Chati zilibaki wazi. Imeji zilizotajwa ndani yake ndizo zilizohama. Aliyekuwa na anwani ya imeji katika faili moja aligeuza mstari mmoja. Aliyekuwa amezitawanya kwenye chati ishirini alizisaka moja moja.

Liko jambo moja ambalo hata mpangilio huu haulitatui. Helm ina amri ya kurudi nyuma, na inarudi kweli, lakini kinachorudi ni maelekezo. DHIS2 ikiwaka kwa toleo jipya hupanga upya majedwali ya hifadhidata, na njia ya kuyarudisha haipo. Basi kabla ya kugusa namba iliyo baada ya +up, toa nakala ya hifadhidata, ipeleke kwenye mashine nyingine, iwashe huko, ufungue takwimu za Nundu za mwezi uliopita na kuona kama zimo.