Kila Bakteria na Chumba Chake

Agarozi, unga unaotengeneza jeli, ikishayeyuka huachwa ipoe mpaka joto la mwili, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Ikiwa ya moto mno itawaua bakteria. Ikipoa kupita kiasi itaganda kabla hajafanya lolote. Katika uvuguvugu ule anatia bakteria, anamimina ndani ya mafuta, anakoroga kwa kasi, kisha anakizamisha chombo kwenye barafu. Mafuta yakishaoshwa hubaki matone ya jeli, kila moja na upana wa sehemu moja ya ishirini ya milimita. Chakula na dawa hupenya humo; bakteria habanduki.

Naupenda ufundi huu kwa jinsi unavyomjali mmoja. Bakteria mmoja ndani ya chupa hajulikani yupo, na asidi anayoitoa hupotelea majini. Mfungie katika tone, na chumba kile ni kidogo kiasi kwamba ni sawa na mililita moja kubeba bakteria milioni 15. Alichokitoa kinamzunguka, kinapimika. James Weaver na wenzake wa MIT, Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1988. Escherichia coli akishiba hujigawa kila dakika 20. Baada ya saa mbili wako 64 mle ndani, wakati kwenye sahani ya petri bado ungekuwa unasubiri kesho.

Lakini nani atamchukua bakteria mmoja mmoja kwa mkono? Fundi huiachia bahati, na bahati ina hesabu yake, ile ya Mfaransa Poisson. Akipima wastani wa bakteria mmoja kwa matone kumi, katika kila matone 100 takriban 90 yatakuwa matupu na 9 yatakuwa na mpangaji mmoja. Yenye wawili ni nadra mno. Anakubali vyumba vitupu vyote hivyo ili aliye ndani awe peke yake kweli.

Agarozi yenyewe husafishwa kutoka kwenye agari, na agari hutokana na mwani mwekundu (mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, hutoa karajinani, ndugu yake). Ni Fanny Hesse aliyeileta agari maabara kutoka jikoni kwake, mumewe alipokuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, wakati ule ule Koch alipokuwa akimsaka bakteria wa kifua kikuu.

Bakteria huyo hana haraka. Hujigawa mara moja kwa siku hivi, na kwa njia ya kuotesha makohozi, mgonjwa husubiri wiki kadhaa ndipo ijulikane dawa gani itamfaa. Miaka ya 1990 watafiti waliwafungia bakteria wa jamii yake katika matone, wakawatia rangi inayong'aa, wakayapitisha matone moja moja mbele ya mwanga wa leza. Chukua matone mawili yaliyolowa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Katika moja, nukta ya kijani ni ile ile ya juzi. Katika la pili, nukta zimekuwa nne.