Raia Wema na Wananchi Wenye Hasira Kali: Uhakiki wa Lugha ya Magazeti ya Kiswahili Kuhusu Raia Wenye Silaha Wanaosaidia Polisi Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Tanzania hahitaji kuimaliza habari ili ajue kama mtuhumiwa wa wizi aliyekamatwa kijijini alifikishwa kituoni akiwa hai. Inatosha kuangalia waliomkamata wameitwaje. Wakiitwa "raia wema", yu hai. Wakiitwa "wananchi wenye hasira kali", amekufa. Watu wenyewe wanaweza kuwa walewale: majirani walioitikia yowe lilelile, wakiwa na marungu, mapanga, pinde na mishale ileile, na pengine wanaojulikana vyema na mkuu wa kituo kwa kuwa ndio anaowategemea usiku. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo wa majina unaliwezesha Jeshi la Polisi kunufaika na silaha za raia bila ya kuulizwa kuhusu matumizi yake, na kwamba magazeti, hata pasipo kukusudia, ndiyo yanayoutunza mgawanyo huo.

Uhakiki wa lugha ya habari umezoea kufuata njia iliyochongwa na Fairclough (1989) na Fowler (1991), ambao huelekeza jicho kwa mtenda aliyefichwa. Katika Kiingereza kauli ya kutendwa humruhusu mwandishi kusema kwamba watu wameuawa bila ya kusema ni nani aliyewaua. Zana hiyo ikichukuliwa kama ilivyo haitoshi kwa Kiswahili cha magazeti. Hapa mtenda hafichwi. Yupo, ametajwa waziwazi baada ya "na", tena ameongezewa sifa. Tatizo ni kwamba aliyetajwa si mtu ambaye hakimu anaweza kumwita.

2.0 Jeshi la jadi na umri wake

Mjadala huu hauwezi kueleweka bila ya sungusungu. Jina hilo, ambalo ni la aina ya chungu weusi waumao, lilipewa vikundi vya ulinzi vilivyoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Usukuma na Unyamwezi, mikoa ya Shinyanga na Tabora. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi. Silaha za moto zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Polisi walikuwa mbali, na hata walipokuwa karibu hawakuaminiwa sana. Abrahams (1987), katika mojawapo ya tafiti za mwanzo kuhusu vikundi hivyo, anaonesha kwamba vilikuwa na uongozi, mikutano na taratibu, na kwamba kutengwa na jamii kulikuwa miongoni mwa adhabu zao nzito. Chama kiliviunga mkono. Mahakama, ambazo kazi yake ilikuwa inafanyiwa chini ya mwembe bila ya wakili wala rufaa, zilikuwa na mashaka. Hatimaye siasa ilishinda: mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, ambazo msingi wake ni sheria ya mwaka 1973, na kuvipa vikundi hivyo mamlaka ya kukamata.

Jina la pili, "jeshi la jadi", linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko linavyotazamwa. Jeshi lililozaliwa katika muongo wa redio za transista na upungufu wa sukari lilipewa umri wa mababu. Ni kweli kwamba yowe, filimbi na wajibu wa kijiji kizima kumfuatia mwizi ni mambo ya zamani. Lakini kuyaunganisha na ofisi ya chama na kituo cha polisi lilikuwa jambo jipya kabisa. Neno "jadi" lilikizeesha kitu kipya, na kitu kikizeeshwa hukoma kuulizwa nani alikiruhusu.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukilinganishwa na lililotokea katika sehemu hizohizo miaka michache kabla. Katika miaka ya 1970, watuhumiwa waliokamatwa Mwanza na Shinyanga katika operesheni dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Mnyororo wa uwajibikaji ulikuwa dhahiri: askari, kamanda, waziri. Mtu akifa mikononi mwa "wananchi wenye hasira kali", mnyororo huo hauna pete ya kwanza. Ni vigumu kumtaka waziri ajiuzulu kwa ajili ya hasira.

3.0 Majina mawili ya watu walewale

Sentensi ifuatayo haikutolewa katika toleo lolote la gazeti. Imetungwa hapa kwa kuunganisha vipande ambavyo msomaji yeyote wa kurasa za mikoani atavitambua: "Kijana mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja ameuawa na wananchi wenye hasira kali kwa kushambuliwa kwa mawe na silaha za jadi, baada ya kutuhumiwa kuiba pikipiki." Hakuna neno geni hata moja. Sentensi inateleza kama maji, na kuteleza huko ndiko kunakotia shaka.

"Wananchi" ni wana wa nchi. Ni neno lililopewa heshima kubwa na siasa za baada ya uhuru. Ndilo neno la kuanzia hotuba, na si bure kwamba gazeti mojawapo kubwa lilichagua kujiita Mwananchi. "Raia", kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo katika kinywa cha polisi humaanisha yeyote asiye askari. Mtu anapopiga simu kituoni au kumburuta mwizi hadi mlangoni mwa kituo, anabaki kuwa raia, yaani mtu wa chini ya polisi, na anaongezewa "mwema". Kifo kikitokea, hapandishwi cheo wala hashushwi. Anaondolewa kabisa katika uhusiano na polisi na kurudishwa kwenye umma mkubwa wa wananchi, mahali ambapo hakuna anayeweza kumtafuta.

Kisha inakuja hasira. Hasira huwa kali kila mara; haipatikani hasira ya wastani. Shina "-enye" linaifanya kuwa mali ya kundi, sifa ya kudumu inayoeleza kila kitu kabla ya swali kuulizwa. Hawaandikwi wananchi wenye hofu, wenye kisasi, wenye ugomvi wa mpaka wa shamba, au waliolewa. Zaidi ya hayo, neno hilo linafuta utaratibu. Tangu mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilisukuma mbele mpango wa polisi jamii, na pamoja nao vikundi vya ulinzi shirikishi katika mitaa na vijiji. Kikundi cha namna hiyo kina zamu ya doria, kina michango ya kaya, kina filimbi na kiongozi ambaye namba yake ya simu iko kituoni. Inapofika saa nane za usiku mtu akapigwa hadi kufa, yote hayo hutoweka katika habari. Zamu inageuka kuwa hasira.

Tofauti ya namna silaha zinavyotajwa ni ya kushangaza vilevile, ingawa imepewa nafasi ndogo katika uhakiki. Silaha ya mtuhumiwa hupewa maelezo ya duka: aina yake, idadi ya risasi zilizobaki, na pengine hata namba iliyokwanguliwa. Silaha za waliomuua ni "silaha za jadi", maneno matatu yanayotosha kufunika panga, shoka, mshale wenye sumu na nondo. Nondo ni ya jadi gani? Habari haisemi. Kilichoelezwa kwa aina na namba kinaweza kuwa kielelezo mahakamani. Kilichoitwa cha jadi kinarudi nyumbani na mwenyewe.

Inaweza kujibiwa kwamba gazeti linaandika kile ambacho polisi wamekithibitisha, na kwamba hilo ndilo linalomlinda mwandishi. Tukio la Januari 2006 jijini Dar es Salaam linaonesha kiasi ambacho ulinzi huo unaweza kutegemewa. Watu wanne waliuawa na polisi, na maelezo ya awali ya polisi yalikuwa kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume iliyoundwa na Rais Jakaya Kikwete chini ya Jaji Musa Kipenka ilifikia hitimisho jingine: waliouawa walikuwa wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi, na majibizano hayakuwapo. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Katika tukio hilo raia hawakuwa wauaji, lakini funzo lake kwa lugha ya habari ni la moja kwa moja. Nomino "majambazi" iliweza kufutwa kwa sababu kulikuwa na askari wenye majina, bunduki zilizotolewa kwa saini, na ndugu waliojua marehemu walitoka wapi. Kama polisi wangeeleza kwamba watu hao wanne waliuawa na wananchi wenye hasira kali, tume ingemhoji nani?

4.0 Kiambishi "-ki-" na neno "wakishirikiana"

Habari za mafanikio zina umbo lake: "Polisi wakishirikiana na wananchi walifanikiwa kumkamata mtuhumiwa." Kiambishi "-ki-" kinaeleza matendo mawili yanayokwenda sambamba. Polisi na wananchi wamo katika wakati mmoja, mahali pamoja, na sifa inagawanywa. Haielezwi aliyeamuru, wala aliyetangulia kufika, wala aliyempiga mtuhumiwa kabla ya pingu. Lakini kwa kuwa mambo yameisha vizuri, hakuna anayeuliza.

Habari za kifo hazina "-ki-". Zina "baada ya", zina "ambapo", na zina kitenzi kimoja kisichokosekana: polisi "walifika". Walifika eneo la tukio, wakauchukua mwili. Katika sarufi ya habari hizi polisi huwa pamoja na wananchi mtu anapokamatwa, na huwa njiani mtu anapouawa. Sentensi "ameuawa na wananchi wakishirikiana na polisi" haina kosa lolote la kisarufi. Haiandikwi tu. Inawezekana kabisa kwamba mara nyingi polisi kweli walikuwa njiani. Umbali wa vijiji unajulikana. Hata hivyo, umbo lisilobadilika halitofautishi kamanda aliyechelewa kwa sababu ya mto uliofurika na yule aliyepigiwa simu, akajibu kwamba hana gari, na akawaambia wananchi wamalizane naye.

Sehemu yenye utajiri zaidi kwa mhakiki ni aya ya mwisho, ambayo kwa desturi huachiwa kamanda wa polisi wa mkoa. Kamanda anathibitisha kutokea kwa tukio. Anawaonya wananchi waache kujichukulia sheria mkononi. Kisha, pengine katika sentensi inayofuata, anawataka waendelee kulipa jeshi lake ushirikiano katika kuwafichua wahalifu. Acheni, endeleeni. Mwandishi huziweka kauli hizo mbili bega kwa bega bila ya swali kati yake, ilhali swali lenyewe limejitokeza: ushirikiano unaoombwa unaishia wapi, na sheria iliyokatazwa inaanzia wapi? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inalo jibu. Raia anaweza kumkamata mtu katika mazingira fulani, na anatakiwa amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa pasipo sababu. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hatia kuthibitishwa. Habari zingeweza kuyaeleza haya kwa mistari miwili, na badala yake zinarudia msemo.

Msemo wenyewe wa "kujichukulia sheria mkononi" umetafsiriwa kutoka Kiingereza, na unapotosha hali ya Tanzania. Unadhania kwamba sheria ilikuwa imekaa mahali pengine na wananchi wakaenda kuinyakua. Kwa sungusungu, mamlaka ya kukamata yalikwisha kutiwa mkononi mwao mwaka 1989, na kabla ya hapo kwenye mikutano ya hadhara. Anayeonywa kwa kuchukua ndiye aliyekabidhiwa.

Haki inataka isemwe kwamba mwandishi wa mkoani hafanyi kazi katika hali ya kuonewa wivu. Hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli ya kufika kijijini ni yake, na walioua ni watu atakaokutana nao mnadani wiki ijayo. Vilevile, habari hizi fupi zenye kasoro ni bora kuliko ukimya. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho taarifa zake za kila mwaka huhesabu mauaji ya namna hii, hutumia habari za magazeti pamoja na takwimu za polisi. Mhariri aliye Dar es Salaam, hata hivyo, hana mnada wa kuuogopa. Anaweza kulirudisha jina "wananchi wenye hasira kali" kwa mwandishi na kumtaka aulize mambo manne yanayoweza kuulizwa kwa simu: nani alipiga filimbi, kikundi cha ulinzi cha mtaa huo kinaongozwa na nani, polisi waliarifiwa saa ngapi, na walifika saa ngapi.

Linabaki lile fungu la maneno linalotangulia yote, "ambaye jina lake halikufahamika mara moja". Kwa maana yake ya wazi, "mara moja" ni ahadi: jina halijajulikana kwa sasa, litafuata. Katika habari za viongozi waliofariki dunia ahadi hiyo hutimizwa kesho yake, kwa picha na wasifu. Katika habari za aliyeuawa kwa kushukiwa kuiba pikipiki, toleo la kesho huwa na kijana mwingine, wa wilaya nyingine, ambaye naye jina lake halikufahamika mara moja.