«Examen d'État» ya Dieudo Hamadi: nani anaongoza shule siku ya kuita majina?

Wasomi wenzangu, kuna filamu moja ambayo inafaa kila mutu anayesoma pedagojia, ao anayengoja barua ya kazi ya shule, aiangalie mbele ya kushika chaki. Inaitwa «Examen d'État». Ilitoka mwaka 2014, na aliyeitengeneza ni mutoto wa Kisangani, Dieudo Hamadi, yule aliyekuja kutupatia pia «Maman Colonelle» mwaka 2017. Ni filamu ya mambo ya kweli, waigizaji hawamo. Kamera inakaa karibu na wanafunzi, inangoja, inaona.

Hadithi yenyewe tunaijua wote. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Athénée Royal ya Kisangani wanajitayarisha kwa mutihani wa Serikali, ule ulioanzishwa mwaka 1967 na ambao bila kuupita hakuna mulango wa universite. Lakini hawajalipa prime ya walimu, basi wanatolewa darasani. Wanatangatanga, kisha wanajikusanya, wanashika nyumba moja wanayoiita «maquis», wanasomea humo. Wengine wanakimbilia maombi. Wengine wanatafuta njia ya kupata majibu mbele ya saa.

Watu wakizungumza juu ya hii filamu, sana sana wanakumbuka maombi na udanganyifu. Ni kweli, zile picha zinachekesha na kuumiza pamoja. Lakini mimi naona swali kubwa liko pale mwanzo, kwenye mulango wa darasa: huyu mukubwa wa shule anaongoza nini? Swali anarudilia ni moja: nani amelipa, nani hajalipa. Mwanafunzi anapimwa na lisiti, hata kama ni yeye wa kwanza mu hesabu.

Ni rahisi kumuchukia, na hapo njo naona upungufu wa Hamadi. Alichagua kukaa upande wa benchi la wanafunzi, na uchaguzi huo njo nguvu ya filamu, kwa sababu tunasikia joto na njaa yao. Lakini mutazamaji anaweza kutoka akifikiri tabu yote ni roho mbaya ya prefe. Tabu iko mbali zaidi. Prime ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Serikali ya Zaire ilishindwa kulipa walimu na wazazi wakakubali kuwashika mukono ili masomo isife. Ilikuwa musaada wa muda. Ikawa desturi. Kisha, zile franga hazibakie zote shuleni: sehemu yake inapanda kwenye maofisi ya juu. Prefe anaulizwa hesabu na wakubwa wake, na chini anaulizwa chakula na walimu, ambao kati yao kuna wale wa N.U., wanaofundisha miaka na mushahara wa Serikali hawajauona. Mutu akiwekwa katikati ya hivyo, kazi yake inageuka ya kukusanya, hata kama aliingia na moyo wa kufundisha. Filamu inatuonyesha mukono unaofukuza. Mikono iliyo nyuma yake haituonyeshe.

Sasa angalieni «maquis». Kule hakuna aliyepewa barua ya kuwa kiongozi. Lakini wanapanga wakati wa kusoma, na anayejua anamuelezea asiyejua. Kwangu hii ni sehemu nzuri kupita zote. Tusiipambe lakini! Umoja ule ule unaowafanya wasome pamoja unawasaidia pia kutafuta majibu ya kununua. Na Hamadi hafiche hilo, namushukuru. Shule ikimutoa mwanafunzi nje, inapoteza haki ya kumuambia njia gani ni nzuri. Kule nje kuna wengine wanaongoja kumufundisha: anayeuza maombi, na anayeuza majibu.

Mutu atasema: hiyo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna masomo ya bure. Tusome vizuri. Katiba ya mwaka 2006, mu kipengele cha 43, inasema masomo ya musingi, école primaire, ni ya lazima na ya bure mu shule za Serikali. Ilibidi kungoja mwezi wa 9 mwaka 2019 ndipo hiyo ikaanza kutumika inchi nzima. Lakini ni primaire. Mutoto akifika sekondari, wazazi wanarudi kulipa, na prefe anarudi na liste yake. Kwa hiyo filamu ya 2014 haijazeeka kwa wale wa sekondari.

Juu ya nini nawaambia ninyi? Kwa sababu wengi kati yetu, nyuma ya ISP ao universite, tutapewa hiyo liste siku moja. Wengine tutaitwa prefe mbele ya miaka 35. Bajeti ya Serikali hatutaibadilisha kutoka ofisi ya shule. Lakini kuna mambo yaliyo mu mukono wa prefe. Deni ni la muzazi, basi muzazi njo aitwe, mutoto asitolewe mbele ya wenzake katikati ya somo. Comité ya wazazi, COPA, iko mu shule zetu. Isiwe ya kupiga saini tu, ionyeshwe kilichoingia, kilichopanda juu, na kilichofikia mwalimu. Na prefe aingie darasani siku zingine bila liste, akae nyuma, asikilize vile mwalimu anaeleza, kisha wazungumze juu ya somo. Inaonekana kidogo, lakini mu shule mingi mwalimu anaweza kumaliza mwaka bila mukubwa wake kumuuliza hata swali moja juu ya kufundisha.

Mwisho wa filamu, siku ya matokeo, siwaambie. Muiangalie. Na wale ambao muko mu kazi tayari, mutuambie wazi: mu shule yenu, nani anaita majina ya wasiolipa, na anayaitia wapi?