Sikio la Mtunzi: Gakoromone, Kamiti na Mazoea ya Kutunga Nathari

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, mtu akisimama mahali pamoja kwa nusu saa tu atasikia lugha zisizopungua tatu zikifanya kazi mbalimbali. Mama muuza ndizi humwita mteja wa kwao kwa Kiimenti. Aliyeshuka na bidhaa zake kutoka Igembe au Tigania hujibu kwa lahaja yake, na biashara ikaendelea. Mnunuzi mgeni hutajiwa bei kwa Kiswahili. Na mtoto wa shule aliyekuja kumsaidia mzazi wake hupiga hesabu chini kwa chini kwa Kiingereza. Hapana anayeshangaa. Lakini mtoto huyo akikua na kutaka kuandika riwaya juu ya soko hilo, swali la kwanza litakalomkabili halitakuwa aandike saa ngapi wala juu ya meza gani. Litakuwa hili: sauti zile zitasikika kwa lugha ipi kichwani mwake atakapokuwa ameshika kalamu?

Uhakiki unaohusu mazoea ya waandishi una desturi ya kupenda mambo madogo. Husimuliwa kwamba fulani huamka alfajiri, kwamba mwingine hawezi kuandika bila kahawa, kwamba wa tatu hutupa kurasa kumi ili abakize moja. Habari hizo hazina ubaya, na wasomaji huzifurahia, ila hazielezi sana kazi yenyewe. Zoea lenye uzito katika utunzi wa nathari, hasa katika Afrika Mashariki ambako mwandishi karibu kila mara ana lugha zaidi ya moja, ni zoea la kusikiliza. Mtunzi anamsikiliza nani, na anamruhusu nani amsahihishe? Kwa swali hili hapana mfano ulio wazi zaidi ya ule wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, kwa sababu yeye mwenyewe alieleza kwa kirefu namna alivyotunga, kwanza katika Detained (1981) na baadaye katika Decolonising the Mind (1986).

Riwaya zake nne za mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza. A Grain of Wheat (1967) ilitungwa alipokuwa mwanafunzi Leeds. Petals of Blood (1977) ilimchukua miaka mitano: aliianza Evanston, Marekani, na kuimaliza Yalta, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, mwaka 1975. Inafaa kuitazama safari hiyo kwa makini. Kijiji cha Ilmorog, pamoja na wakulima wake na vumbi lake, kilijengwa katika miji ambamo hapakuwa na mtu wa kumwambia mwandishi kwamba mzee wa Ilmorog hasemi hivyo. Aliyekuwapo ni kumbukumbu. Kumbukumbu ni mtumishi mwema, lakini haibishi. Humpa mtunzi kile alichokwisha kukiamua.

Mbishi alipatikana Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya kituo cha Kamĩrĩĩthũ, na rasimu ikawekwa mbele ya wakulima na wafanyakazi wa hapo. Watu hao hawakuipokea kama zawadi. Waliikosoa. Maneno yaliyowekwa kinywani mwa mzee yalikataliwa kwa kuwa mzee wa umri ule haneni kwa namna ile. Habari za viwandani zilisahihishwa na waliofanya kazi viwandani. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, ikapigwa marufuku Novemba, na mwisho wa Desemba mwandishi akakamatwa na kutiwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Wahakiki wameyaeleza mara nyingi matokeo ya kisiasa ya miezi ile. Matokeo yake katika ufundi wa mtunzi yameelezwa kwa uchache, nayo si madogo: msomi aliyekuwa akiandika peke yake kwa muda wa miaka kumi na tano aligundua kwamba sentensi yake inaweza kupelekwa barazani ikarudi ikiwa bora zaidi.

Kwa hiyo alipoanza kutunga Caitaani Mũtharaba-inĩ humo kizuizini, alikwenda na zoea jipya mahali ambapo kwa kawaida lingekufa. Habari ya karatasi za chooni inajulikana mno, hata imekuwa kama ngano. Karatasi zenyewe zilikuwa ngumu, zikikwaruza mwili lakini zikipokea wino vizuri. Kalamu zilipatikana kwa kisingizio cha kuandika maungamo na maombi kwa wakubwa. Jambo ambalo ngano hiyo hulifunika ni mazungumzo. Mfungwa aliyepewa namba K6,77 aliandika kwa Kigĩkũyũ, na neno au methali ilipomkwama aliwauliza mahabusu wenzake, na hata askari jela, kwa njia ya maongezi ya kawaida bila ya kusema anachokitafutia. Askari aliyekuja kumlinda akawa mwalimu wake wa lugha pasipo kujua. Ni kinaya kikubwa kwamba ndani ya kuta zile Ngũgĩ alikuwa karibu zaidi na soko kuliko alivyokuwa Yalta.

Mswada ulipokaribia kumalizika ulikamatwa katika upekuzi. Kwa majuma kadhaa mwandishi aliishi akijua kwamba huenda atalazimika kuanza upya kutoka katika kumbukumbu. Hatimaye mkuu wa gereza aliurudisha, akasema hakuona kosa ndani yake, ila Kigĩkũyũ chake ni kigumu. Katika hukumu zote zilizopata kutolewa juu ya riwaya hiyo, hii ya mkuu wa gereza ingestahili kuchunguzwa zaidi na wanaisimu, kwa maana inagusa tatizo ambalo mtunzi mwenyewe alilikiri.

Tatizo hilo ni la tahajia. Kigĩkũyũ kina irabu saba, na maandishi yake huzitofautisha kwa alama juu ya i na u. Lakini toni haiandikwi, na urefu wa irabu hauonyeshwi sawasawa kila mahali. Mwandishi alisimulia jinsi alivyokuwa akimaliza fungu la maneno jioni akiwa na hakika ya maana yake, kisha akilirudia baadaye akaona linaweza kusomeka kwa namna nyingine kabisa. Sauti iliyokuwa sikioni wakati wa kuandika ilikuwa imeondoka, na karatasi haikuihifadhi. Dawa aliyoipata ni kuongeza muktadha: kuiweka sentensi kati ya sentensi nyingine zitakazomzuia msomaji asipotee. Dawa hiyo ina athari katika mtindo. Mengi ambayo wahakiki wameyaita marudiorudio ya fasihi simulizi katika Caitaani huenda kwa sehemu yametokana na haja hii ya kuilinda maana dhidi ya tahajia. Fani hapa haikuchaguliwa kwa mapenzi ya utamaduni peke yake; ililazimishwa na irabu.

Kitabu kilitoka Nairobi mwaka 1980, na Ngũgĩ mwenyewe alikitafsiri kwa Kiingereza kwa jina la Devil on the Cross (1982). Kwa Kigĩkũyũ kilisomwa kwa sauti: katika nyumba, mmoja akiwasomea wengine; katika matatu; katika vilabu vya pombe, ambako msomaji hodari alinunuliwa kinywaji ili asiache palipo patamu. Mhakiki anayeisoma riwaya hii kimya katika ofisi ya chuo kikuu hana budi kulikumbuka jambo hilo kabla ya kulalamika kwamba hotuba za wezi na wanyang'anyi katika pango la Ilmorog ni ndefu kupita kiasi. Zikisomwa kwa sauti mbele ya watu wanaocheka, urefu wake ni raha.

Hata hivyo si kila dosari isamehewe kwa hoja ya usimulizi. Sikio lililofunzwa kusikia umati husikia mtu mmoja kwa shida. Mũturi ni mfanyakazi na Wangarĩ ni mkulima, na ni vigumu kumkumbuka mmojawapo akisema jambo ambalo mfanyakazi mwingine au mkulima mwingine asingelisema. Warĩnga peke yake ana maumivu yaliyo yake mwenyewe, na ndiye sababu msomaji hufika mwisho. Linganisha na Mugo wa A Grain of Wheat, ambaye ukimya wake umejaa kitabu kizima. Mugo alitungwa Leeds, katika upweke, kwa lugha ya kigeni. Hoja ya lugha za Kiafrika ni imara kiasi cha kuweza kuukiri ukweli huu bila ya kuanguka: katika kuhama kwake, mtunzi alipata mengi na akaacha kitu.

Kuanzia mwaka 1982 Ngũgĩ aliishi uhamishoni. Aliendelea kutunga kwa Kigĩkũyũ: Matigari ma Njirũũngi (1986), ambayo nakala zake zilikamatwa nchini Kenya mwaka uliofuata, na Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka mwaka 2004, na ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ya 2006 ina zaidi ya kurasa 700. Lugha ilibaki, soko na jela vilikuwa mbali. Katika upana wa riwaya hii ya mwisho mna kichekesho cha hali ya juu, lakini pia mna mahali ambapo mtu angetamani kwamba mzee mmoja wa Kamĩrĩĩthũ angekuwapo chumbani kusema, basi, imetosha.

Sasa kijana wa Gakoromone afanyeje? Njia ya Ngũgĩ si njia nyepesi kwake. Kimeru kina irabu saba na toni kama Kigĩkũyũ, tena maandishi yake mara nyingi huziacha hata zile alama za irabu. Kwa hiyo atakutana na mtego ule ule, ukiwa umetegwa vizuri zaidi. Zaidi ya hayo kuna lahaja. Kimeru cha vitabuni kimeegemea zaidi Kiimenti, ilhali sokoni wamo Waigembe, Watigania na Watharaka. Akiandika kwa Kiswahili, matatizo hayo yanatoweka mara moja. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni ya kutofautisha maneno, na kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Lakini Kiswahili alichokisikia Gakoromone ni cha kutaja bei na kupunguziana. Cha mapenzi, cha msiba, cha ugomvi wa ndugu juu ya shamba, hakukisikia pale. Hicho amekipata vitabuni na darasani. Hapo ndipo nathari ya Kiswahili ya watu wa bara inapougua ugonjwa unaofahamika: wahusika wote husema kama mwalimu wa insha.

Wako waliopona. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hakuiga pambo la pwani. Tangu Rosa Mistika (1971) alichukua sentensi fupi na kavu, akaifanya kuwa sauti yake. Aliye karibu zaidi na Gakoromone ni Kithaka wa Mberia, mwenyeji wa Tharaka na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye ni mshairi na mtunzi wa tamthilia, si wa riwaya, lakini tatizo la kuwapa watu sauti ni lile lile, na pengine ni zito zaidi jukwaani. Katika Natala (1997) alichukua ugomvi ambao mtu yeyote wa Meru au Embu anautambua: mjane, shemeji anayetaka kumrithi, na hati ya shamba. Katika Kifo Kisimani (2001) alikwenda mbali zaidi akachukua hadithi ya Fumo Liyongo, ya shujaa anayesalitiwa na aliye wa damu yake, akaitia katika nchi ya kubuni ya Butangi. Chaguo hilo la pili linastahili kuangaliwa. Mtunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza alikitafutia sikio pale kilipokuwa na kumbukumbu ndefu, katika visa vya Waswahili wenyewe, badala ya kukitafutia katika sarufi. Mwelusi hasemi Kiswahili cha Lamu, wala hapaswi kukisema; lakini anasimama juu ya kisa ambacho lugha hiyo ilikwisha kukisimulia kwa karne nyingi.

Idara za lugha zimefundisha utunzi kana kwamba ni tawi la uhakiki: mwanafunzi hufahamishwa dhamira, wahusika na mandhari, kisha huambiwa aende akaandike. Rasimu yake husomwa na mtu mmoja, naye ni mwalimu, tena husomwa kimya. Hapana anayemwambia airudishe rasimu hiyo nyumbani wakati wa likizo, aketi na muuza ndizi siku isiyo na wateja wengi, amsomee mazungumzo ya muuza ndizi aliyemo katika hadithi yake. Kama ameandika kwa Kiswahili, atafsiri papo hapo kwa mdomo. Tafsiri hiyo ya mdomo itamwonyesha mara moja ni sentensi zipi zilizokuwa na mtu ndani yake na zipi zilizotoka katika kitabu cha kiada. Kama ameandika kwa Kimeru, na mhusika wake ni mwanamke wa Igembe anayesema Kiimenti safi kwa sababu ndicho kilichozoeleka vitabuni, hatahitaji kungoja maoni ya mhakiki. Mama atacheka kabla ukurasa haujaisha, kisha atamwita jirani yake wa meza ya pili, aliyetoka Maua, aje asikie vile wanavyosemeshwa.