Kiswahili katika Nyimbo za Kiangazi cha 1989

Wimbo unaopendwa msimu mmoja aghalabu husahauliwa msimu unaofuata, na yamkini ndiyo sababu wahakiki wa lugha huwaachia vijana na wauza santuri shughuli ya kuuzungumzia. Hata hivyo, kiangazi cha Ulaya cha mwaka 1989 kiliacha jambo linalostahili kuangaliwa na mtaalamu wa Kiswahili. Mnamo Julai mwaka huo, "Liberian Girl", wimbo wa Michael Jackson uliokuwa tayari katika albamu yake ya Bad ya mwaka 1987, ulitolewa peke yake katika santuri ndogo. Uingereza ulifika nafasi ya 13 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi. Ireland ulishika nafasi ya kwanza. Kabla Jackson hajaanza kuimba, husikika sauti ya mwanamke ikitamka maneno machache ya mapenzi, na maneno hayo ni ya Kiswahili.

Ni rahisi kwa mpenzi wa lugha hii kuona fahari. Lakini fahari si tahakiki. Linalopasa kuulizwa ni hili: je, Kiswahili kimepewa kazi gani katika wimbo huo?

Kwanza, msichana anayesifiwa ni wa Liberia, nchi ya Afrika Magharibi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza na ambayo wenyeji wake husema Kikpelle, Kibassa, Kivai na lugha nyingine kadha wa kadha. Wavai walijibunia hati yao wenyewe katika miaka ya 1830. Kiswahili si lugha ya huko. Fauka ya hayo, sauti inayosikika ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni Marekani. Hivyo lugha ya Afrika Mashariki inatamkwa na mtu wa Kusini kwa niaba ya msichana wa Magharibi.

Mtetezi wa wimbo anaweza kujibu kwamba hapa hapana kosa. Tangu miaka ya 1960 Wamarekani Weusi wengi walikichukua Kiswahili kuwa lugha ya Afrika nzima, isiyofungwa na kabila moja. Majina ya sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ni ushahidi wa jambo hilo. Hoja hii ina uzito, na mhakiki mwadilifu hawezi kuipuuza. Lakini hata lugha iliyofanywa alama bado ina sarufi na maana zake, na ni haki kuipima kwa hizo.

Yapo maneno mawili yanayotosha kwa kipimo hicho. La kwanza ni "pia", ambalo mwanamke huyo analitumia katika kutaja mapenzi yake. Anayemwambia mwenziwe kwamba naye pia anampenda huwa anajibu. Ni lazima jambo limekwisha kusemwa. Katika wimbo huu jibu limetangulia swali: mwanamke anaitikia mapenzi ambayo mwanamume hajayatangaza. Kwa msikilizaji anayejua Kiswahili, mpangilio huo ungaliweza kuwa mzuri sana, kana kwamba mazungumzo yalianza zamani na wimbo umeyakuta njiani. Lakini wimbo haujengi juu ya msingi huo. La pili ni namna mwanamke anavyomwita mpenzi wake. Masikioni, mwito huo ni wa kawaida kabisa: nomino ikifuatwa na kifupi cha "wewe", kama isemwavyo majumbani. Katika maandishi ya wimbo, maneno hayo mawili yameunganishwa kuwa "mpenziwe", yaani mpenzi wake. Aliyekuwa akisemeshwa amegeuka kuwa mtu wa tatu anayesemwa. Mtu mmoja mwenye kuijua lugha angalilisahihisha kosa hilo kwa dakika moja.

Kiangazi hicho hicho kilikuwa na wimbo mwingine wa lugha ya kigeni uliotia fora Ulaya, nao ni "Lambada" wa kundi la Kaoma la Ufaransa. Humo Kireno kilichoimbwa na Loalwa Braz wa Brazil hakikuwa pambo la mlangoni. Kiliubeba wimbo wote, ingawa wachezaji wengi hawakujua kwamba wanacheza kilio cha kuachana. Lakini wimbo huo ulitokana na "Llorando se fue", uliotolewa mwaka 1981 na Los Kjarkas wa Bolivia, na ndugu Ulises na Gonzalo Hermosa walilazimika kudai ndipo haki yao ya utunzi itambuliwe. Huko lugha ilipewa nafasi, wenyewe wakanyimwa jina. Katika "Liberian Girl" jina la Letta Mbulu lilitajwa waziwazi, ila lugha ikapewa nafasi ndogo.

Kwa hiyo kupendwa kwa sauti ya lugha na kusikilizwa kwa lugha yenyewe ni mambo mawili mbalimbali. Kama maneno yale ya mwanzo yangalitamkwa kwa Kizulu au kwa Kivai, wanunuzi wengi wa Ulaya wasingalitambua tofauti. Hilo si kosa la mwimbaji peke yake. Ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili kuuhakiki wimbo wa namna hii kwa makini yale yale wanayoupa utenzi, ili anayetaka kukitumia Kiswahili kesho ajue kwamba wapo watakaomsikiliza na kumwelewa.