Kipande Kinachosinyaa Kikipashwa Moto

Fremu inayoshikilia vioo vya darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, imetengenezwa kwa kompoziti, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya epoksi. Wahandisi waliichagua kwa sababu haitanuki wala kusinyaa sana darubini inapotoka kivulini na kuingia juani. Hiyo ndiyo sifa ya kompoziti hii, na ndiyo inayomtoa jasho anayetaka kuipima.

Chukua kipande chenye nyuzi zilizolazwa upande mmoja, urefu wake milimita 100, ukipashe kutoka nyuzijoto 25 hadi 125. Alumini ya urefu huo ingerefuka kwa milimita 0.23. Kompoziti hutanuka kwa kiasi kama hicho au zaidi, lakini kwa kukata nyuzi tu, kwa kuwa huko epoksi ndiyo yenye kauli. Kwa kufuata nyuzi mambo hugeuka: kaboni husinyaa kidogo inapopata joto, na kipande kizima kinaweza kupungua milimita 0.005 hivi, yaani sehemu 50 kwa milioni.

Njia inayotumika sana leo kupima badiliko kama hilo ni kulinganisha picha kwa kompyuta, kazi iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha South Carolina na Peters na Ranson mwaka 1982. Kipande hupakwa rangi nyeupe, kisha hurashiwa madoa meusi yasiyo na mpangilio, kila doa likichukua pikseli tatu hadi tano. Kamera hupiga picha kabla ya joto na wakati wa joto. Programu hufuatilia kila kundi la madoa limehamia wapi. Hakuna kinachogusa kipande, na uso wote hupimwa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa milimita 100 zimeenea pikseli 2,000, kule kusinyaa kwetu ni sehemu ya kumi tu ya pikseli kutoka ncha hadi ncha. Programu nzuri inaweza kuona hata sehemu ya mia ya pikseli.

Basi kazi imekwisha? Bado kabisa. Kamera ikiwa umbali wa milimita 500, na kipande kikapinda au kikasogea kuielekea kwa milimita 0.05 tu, picha hukua kwa sehemu 100 kwa milioni. Huo ni uongo mara mbili ya ukweli tunaoutafuta, tena unaelekea upande wa pili: kipande kinasinyaa, kamera inasema kimetanuka. Dawa yake ni kamera mbili zinazotazama kwa pembe tofauti, ili kusogea kutenganishwe na kutanuka. Kamera zenyewe nazo hupata joto zinapofanya kazi, kwa hiyo huwashwa mapema na kuachwa zitulie.

Hewa ni mkorofi zaidi. Yale mazigazi yanayocheza juu ya lami saa saba mchana hucheza pia mbele ya dirisha la tanuri, na madoa yakaonekana kutembea ilhali yametulia. Feni huichanganya hewa hiyo, na wastani wa picha nyingi hupunguza mtikisiko. Mwanga wa buluu wenye kichujio, unaosifiwa sana, ni wa shida nyingine: mng'ao mwekundu wa vitu vilivyopata moto mkali, kama kompoziti za kauri za injini za ndege. Epoksi huwa imeungua zamani kabla ya kufika huko.

Kwangu mimi, hatua inayobeba kipimo chote ni kipande cha kioo maalumu, cha aina inayotengenezewa vioo vya darubini, ambacho karibu hakitanuki kabisa. Kinapakwa madoa yale yale na kuwekwa ubavuni mwa kompoziti. Kamera ikidai kioo kimetanuka sehemu 80 kwa milioni, hizo ni za hewa na kamera, nazo hutolewa kwenye hesabu ya kompoziti. Ramani ya rangi inayochorwa na programu bila shahidi huyu siichukulii kuwa kipimo, hata ipendeze vipi.

Kisha yapo maji. Epoksi hunyonya unyevu ikavimba. Ikipashwa hukauka na kusinyaa, na kusinyaa huko kunafanana mno na kule kwa nyuzi. Ndiyo maana kipande hukaushwa kwanza, kikapashwa na kupozwa mara kadhaa, na namba huandikwa pale tu mzunguko mmoja unapotoa jibu lile lile la uliotangulia.