Sifa za Dereva Asiyegusa Waya

Ukitaka kumjua dereva wa lori, usimtazame akiwa kwenye lami kati ya Makere na Kibondo, gia ya juu, upepo dirishani. Pale hata asiye fundi huonekana fundi. Mtazame anapoiacha barabara kuu na kuingia ndani ya Kasulu mjini kulitafuta ghala lililojificha nyuma ya maduka. Upande mmoja bodaboda zimejipanga hadi ukingo wa mtaro, upande wa pili akina mama wametandaza ndizi na dagaa, na juu yao waya wa umeme umelegea kutoka kwenye nguzo hadi kwenye paa la mtu. Zimebaki mita mia moja. Hizo ndizo zinazomtenga fundi na mtu mwenye leseni tu.

Wazee wa kazi hii walifunzwa na njia mbaya zaidi. Barabara ya kutoka Kidahwe hadi Nyakanazi, kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko, ilikuwa ya udongo mwekundu kwa miaka mingi. Mvua zikikolea, lori lilizama hadi kwenye ekseli, na dereva na utingo wake walilala hapo hapo wakisubiri mwenzao wa nyuma aje na mnyororo. Msituni kulikuwa na hofu nyingine: majambazi wenye bunduki, katika miaka ambayo vita vya Burundi na Kongo vilimwaga silaha mipakani. Mabasi yalipakia askari wa kuyasindikiza, na hakuna aliyependa giza limkute kwenye pori la kuelekea Nyakanazi. Lami imekuja kwa vipande: Kidahwe hadi Kasulu, Nyakanazi hadi Kabingo, kisha kazi kubwa ya katikati, Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu, yenye kilomita 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tope likapungua, safari ikafupika, malori yakaongezeka na kurefuka. Lakini mitaa ya mji ilibaki na upana ule ule. Ugumu uliokuwa porini ukahamia mjini, na ufundi ukaufuata huko.

Kimo cha lori ndicho kinachowashinda wengi. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu lina mita 2.90. Likikaa juu ya tela ambalo sakafu yake iko kama mita moja na nusu kutoka ardhini, hizo sentimita thelathini za tofauti zinaamua kama tawi la mwembe litapita juu au litakwaruza. Hata hivyo, kontena limeandikwa vipimo vyake. Gunia halikuandikwa kitu. Nchi hii ya Buha, huku Kasulu na Kibondo, inatoa mahindi, maharage na muhogo, na gunia la mnunuzi mara nyingi ni lumbesa, limejazwa likapita mdomo wake kisha likashonewa, ingawa sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100. Kwa hiyo dereva hawezi kuhesabu magunia akazidisha kwa mia. Anainama, anaangalia springi zimelala kiasi gani, tairi limebonyea vipi, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama mzigo mzima kama umeegemea upande. Akikosea uzito, mizani itamwambia: tangu Machi 1, 2019, Tanzania inafuata sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake ni tani 56, tena kwa gari lenye ekseli saba. Akikosea kimo, hakuna mizani ya kumwambia. Ataambiwa na waya.

Huko Durham, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kuna daraja la reli lililopata umaarufu kwa sababu ya ufupi wake: futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56. Liliwekewa vibao, likawekewa taa za kuonya, na malori yakaendelea kuchanika mapaa chini yake hadi mwaka 2019, lilipoinuliwa kwa inchi 8. Hata baada ya hapo yapo yaliyogonga. Dereva wa kule alikuwa na namba mbele ya macho yake na bado akapita. Wa Kasulu hana namba. Waya wa mtaani haukubandikwa kibao, na wala haukai mahali pamoja: jua la mchana huurefusha ukashuka, baridi ya asubuhi huuvuta ukapanda. Na lori nalo hubadilika. Lenye bodi ya boksi hulala chini likiwa na shehena. Likishapakuliwa springi hulinyanyua, kwa hiyo lililoingia salama asubuhi linaweza kugusa linapotoka tupu. Dereva mzuri anajua hayo yote bila kuyaandika popote, na kwangu hiyo ni elimu inayostahili heshima sawa na elimu yoyote ya darasani.

Lakini hawezi kuitumia peke yake. Kutoka kwenye kiti chake haoni kilicho juu ya mzigo, wala haoni mtoto aliyeinama nyuma ya tela. Macho yake mengine ni utingo. Yeye ndiye anayeruka chini kabla gari halijasimama sawasawa, anatangulia kwa miguu, anaukagua waya, anapima mtaro kwa nyayo, anawaomba wenye bodaboda wasogee, anamsaidia mama kuondoa beseni lake. Kisha inaanza ile lugha yao: njoo, njoo, kata kulia, kata yote, nyoosha, njoo, weka! Kiganja kikipiga bodi kwa nguvu, breki inakanyagwa hapo hapo, bila kuuliza kwa nini. Nimewaona madereva wa umri wa baba yake wakimtii kijana wa miaka ishirini kwa utulivu kamili. Dereva anayebishana na kiganja cha utingo wake bado hajaijua kazi.

Wapo wanaompandisha utingo juu ya magunia na fito ya mti aunyanyue waya ili gari lipite. Sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Fito mbichi, au iliyoloa mvua, hupitisha umeme, na mvua za huku huja bila kubisha hodi. Dereva ninayemsifu mimi anasimama, anatafuta njia nyingine, au anashusha safu ya juu ya magunia na kuyapeleka kwa mkokoteni, hata kama mwenye mzigo amekasirika na saa zinakwenda.

Na lori likisimama mjini, watu wanalijia. Wa kwanza ni dalali. "Mzee, mzigo wa kurudi upo, maharage, tani kumi. Nipe ya vocha nimpigie mwenyewe." Wanafuata wapakuaji, makundi mawili au matatu, kila moja likidai kwamba eneo hilo ni lake na turubai halitafunguliwa bila wao. Kisha anatokea kijana anayepiga kelele kutoka nyuma: "Dereva, tairi linatoa moshi!" Ukishuka mlango wa kulia kwenda kutazama, mwenzake yuko mlango wa kushoto, na simu, begi na hati za mzigo vimekwenda. Usiku ndiyo zamu ya wanaonyonya mafuta kwenye tangi na wanaochana turubai kwa wembe.

Dereva mwenye hasira hushindwa hapa. Akimtukana dalali, mtaa mzima unakuwa adui yake, na atakapohitaji mtu wa kumsogezea gari njiani hatampata. Fundi hamfungulii mlango mpiga kelele. Anatazama kioo, utingo anainua kidole kwamba tairi ni zima, naye anajibu kwa upole, "Asante mdogo wangu, nitaliangalia mbele." Dalali anaambiwa mzigo kwanza, vocha baadaye. Kwa wapakuaji anauliza, "Kaka mkubwa hapa ni nani?" na kwa huyo mkubwa anapatana bei kabla fundo moja la kamba halijafunguliwa, mbele ya wote wasikie. Bei ikishasemwa hadharani, ugomvi hukosa pa kuanzia. Wengi wa vijana hao si wezi. Ni watu wanaokula kwa mgongo wao, na dereva anayewalipa alichoahidi huwakuta safari ijayo wakiwa wamegeuka walinzi wa gari lake.

Wapo madereva wanaouza dizeli ya tajiri wao gizani na kusema wamenyonywa. Hao wanawaharibia jina waaminifu, na hawamo katika sifa hizi.

Tukumbuke pia mzigo wenyewe ni nini. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwepo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa wingi. Chakula cha watu hao hakikui kambini. Kimefika juu ya magurudumu, gunia kwa gunia. Gunia likidondoka njiani au likiibwa, si hasara ya karatasi: kuna familia itakayopimiwa pungufu siku ya mgawo. Vivyo hivyo dawa za hospitali, saruji ya shule, mbegu na mbolea kabla ya mvua za kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga miji yetu, Kasulu na Kibondo, watenge uwanja wa malori nje ya mitaa ya ndani, wenye taa na choo, mizigo ishushiwe hapo na kuingizwa sokoni kwa magari madogo. Wanaotandaza nyaya wazinyanyue zile zinazokatiza njia za maghala, na kimo chake kiandikwe kwenye nguzo. Wenye malori nao wamwandike utingo kwenye mkataba kwa jina lake, alipwe mshahara wa mwezi badala ya posho ya njiani, na wamlipie mafunzo ya leseni ya daraja E.